Nusu ya Wimbo Niliyoipeleka Manda

Mmeniuliza wengi, kisimani, kanisani, hata msibani kwa watu mmeniuliza, safari ya Manda ilikuwaje. Nimechoka kuieleza vipande vipande, leo huyu namwambia habari za samaki, kesho yule namwambia habari za matope. Mwanangu amenipa daftari. Kusoma nilisoma miaka miwili tu, ile ya kutuwezesha kufungua Agano, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, ziamsheni wenyewe. Habari za vibali na nauli sitazigusa. Hizo hazimwumizi mtu kichwa akisharudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka

Mnajua mimi ni mtu wa ziwani. Niliolewa huku Ubena matiti yakiwa bado madogo, nikazaa huku, nikamzika mume huku, na miaka yote hiyo sijaacha kuwakumbusha kwamba mimi ni binti wa mvuvi. Mkiona dimbwi la mvua nawaambia ziwa ni kubwa kuliko hilo. Mkila dagaa nawaambia hao wamekufa mara mbili. Mlinivumilia kwa sababu ya kuimba. Kwenye mgowe, tulipokuwa tunalima shamba la huyu na kesho la yule, mimi ndiye nilikuwa nawaimbia wimbo wa baba yangu wa kuvuta wavu, na majembe yakaenda pamoja.

Sasa sikilizeni wimbo huo ni wa nini, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Wavu wa pwani ya ziwa unaitwa kokoro. Mtumbwi unaupeleka mbali, unauzungusha, halafu kamba mbili zinarudi ufukweni. Kamba moja inavutwa na kundi hili, ya pili na kundi lile, na wamesimama mbali, hawaonani vizuri. Kamba moja ikitangulia, wavu unalala upande na samaki wanatoka. Ndiyo maana wanaimba. Kamba ya kwanza inauliza, ya pili inajibu, kila kauli ni pumzi moja, mvuto mmoja. Baba alimpa kaka yangu Mathias maswali. Mimi, kwa kuwa nilikuwa navuta kamba ya pili pamoja na mama, akanipa majibu. Na wavu mpya siku ya kwanza unapoingia majini lazima uvutwe kwa wimbo mzima. Majibu utakayoyasikia siku ile ndiyo yake mpaka uoze. Haubadilishiwi.

Basi akaja Mama Agata, mwanamke wa Manda anayepanda huku kuuza usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, na kushuka na maharage. Akaniambia kaka yako amemaliza kufuma kokoro jipya, mwaka mzima amelifuma, na macho yake yanakwenda. Hilo ndilo la mwisho. Anataka uje na majibu ya baba. Atakungoja mpaka mwezi uwe mpevu. Siku hiyo mwezi ulikuwa kama ukucha tu.

Mama Agata alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Akasema, "Twende wote, mama. Siku nane, tisa, tumefika, na njiani nina watu wa kutulaza."

Nikamwambia mimi ni mama wa karani wa baraza, sitafika kwetu na miguu yenye matope kama mchuuzi. Nitakwenda kwa lori. Nilisema hivyo mbele ya kikapu chake, na mchuuzi ni yeye. Akafunga maharage yake, akasema haya, nitawaambia unakuja kwa lori.

Makambako, siku nane njia panda

Nilikaa Makambako siku nane. Lori lilikuwapo, nililiona kwa macho yangu, limesimama nyuma ya duka la Mhindi likingoja magunia ya mahindi, na magunia yalikuwa yanangoja mvua ikatike. Dereva alikuwa Mngoni mmoja mrefu, mpole, mwenye kukohoa. Kila asubuhi nilimwendea na kifurushi changu kichwani. Kila asubuhi aliniambia leo hapana, mama, labda kesho.

Nilifikia kwa mjane mmoja anayeuza viazi vya kuchemsha. Tulikula viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni viazi na maharage. Wapita njia walikuja kunywa ulanzi kwake, na wakisha kunywa wakaniomba wimbo. Nilijivuna nikawaimbia. Walipiga makofi kwa mwendo wa jembe, maana wote ni wakulima, nami nikaenda na makofi yao. Sikuona ubaya wowote. Nawaambia hili kwa sababu nimelifikiria sana baadaye.

Siku ya tano yule mjane aliniuliza kama miguu yangu inauma. Nikasema haiumi. Akaniuliza kama njia naijua. Nikasema naijua. Hakuuliza tena. Aliendelea kumenya viazi, na mimi nikaendelea kukaa.

Njombe, kiti cha mwanangu

Siku ya tisa tukaondoka, mimi mbele karibu na dereva, kama nilivyotaka. Lori lilizama mara tatu. Mara zote tatu abiria walishuka kusukuma, mimi nikabaki juu, na wanaume wakanitazama kwa macho ambayo nilijifanya siyaoni. Njombe tulifika jioni, baridi ile mnayoijua, moshi umelala juu ya mapaa.

Mwanangu ana nyumba ya bati na viti vinne. Mkewe alipika wali na kuku, akapiga magoti kuninawisha. Kesho yake mwanangu akaja na makarani wenzake wawili kunisalimu, kesho kutwa akaja na mwalimu. Nikakaa kitini, nikaulizwa habari za zamani, nikaimba. Mwalimu aliandika maneno kwenye karatasi, akasema, bibi, wimbo huu usipotee. Nilivimba, wenzangu. Nilivimba kama unga wa hamira.

Kulikuwa na watu wanashuka Ludewa na mizigo kwa miguu siku ya pili tu ya kufika kwangu. Mkwe wangu ndiye aliyeniambia, taratibu, akiwa amepiga magoti. Nikamwambia nangoja lori la misheni. Usiku wa nne nilitoka nje kujisaidia, nikauona mwezi. Ulikuwa mviringo kabisa.

Sikulala. Lakini hata hapo nilijifariji kwamba kaka yangu ni kaka yangu, atangoja.

Lugarawa, nilivyofanywa mgonjwa

Lori la misheni lilitubeba siku moja, na siku ya pili likavunjika chuma cha chini. Dereva akasema atarudi Njombe kutafuta kingine, na sisi tuchague. Nilichagua miguu, sasa ndiyo nikachagua. Nilifika Lugarawa kesho yake jua limeshuka, gauni limeganda matope hadi kiunoni, kandambili za ngozi mkononi, nywele nje.

Nyumba ya kwanza nilipopiga hodi walikuwa Wakatoliki, mzee na mkewe. Kabla sijasema neno yule mama akanishika mkono, akaniketisha jikoni, akaniwekea uji, akamwambia mumewe aende kuulizia nafasi kwa wagonjwa wa misheni. Nikasema mimi siumwi. Akasema ndiyo mama, ndiyo. Nikasema nakwenda kuimba Manda. Akamtazama mumewe, na mumewe akaanza kuvaa koti upesi zaidi.

Ilichukua bakuli mbili za uji kuwaelewesha. Halafu tukacheka, hata mimi. Yule mzee akasema, "Mama, mtu akikuambia katembea kwa ajili ya wimbo, na homa ipo huku, utamwamini vipi?"

Walinilaza siku moja zaidi, miguu yangu ilikuwa imepasuka. Walinipa ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. Asubuhi walisali kwa namna yao, nami nikasali kwa yangu, kila mtu ameangalia ukuta wake. Wakanipa fimbo.

Kushuka ziwani

Kushuka kule kulichukua siku tatu, nikijiunga na yeyote aliyekuwa anashuka. Baridi inaachwa juu kama nguo. Migomba inaanza, kisha mihogo, kisha joto lile la mdomo wa tanuri. Siku ya tatu, nyuma ya kilima, ziwa likasimama mbele yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba linasimama. Ukiwa juu halilali, limesimama wima kama ukuta wa bluu. Nililia, sitawaficha.

Njia nzima ile niliyarudia majibu ya baba, moja moja, nisije nikapoteza hata silabi.

Manda

Mtu wa kwanza niliyemkuta ni Mama Agata. Alikuwa ameinama anaanua usipa kwenye majani. Alikuwa amefika siku kumi na moja kabla yangu. Hakunisuta. Aliniambia tu, "Walishusha wavu juzi, mama. Alikungoja siku nne baada ya mwezi kuwa mpevu. Watoto walikuwa wanalala na maji ya muhogo, na usipa wanaonekana kwa macho pale ufukweni."

Kaka yangu Mathias alinipokea kwa mikono miwili usoni, kunitambua, maana macho kweli yamekwisha. Amekuwa mdogo, kaka yangu. Alisema Leya umenenepa, akacheka, akasema uje kesho usikie wavu wetu. Hakusema neno la lawama. Ningependa angelisema.

Asubuhi nikaenda. Kamba mbili zimetoka majini, watu wamejipanga. Kaka akasimama mbele ya kamba ya kwanza, mjukuu wake Stefano kwenye ya pili. Stefano ni mtu mzima, ana ndevu na watoto wawili. Aliponiona akapiga kelele toka mbali, "Mke wangu, umefika! Na lori umeliegesha wapi?" Watu wakaangua kicheko. Mnajua mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake, hata huku kwetu ipo. Nilijua hilo. Lakini masikio yangu yalikuwa yametoka kwenye kiti cha Njombe.

Kaka akaanza kuuliza, sauti ile ile, ya baba kabisa.

"Ziwa, umeficha nini?"

Kamba ya pili ikajibu, "Lori la bibi."

"Tunamngoja nani?"

"Bibi wa lori."

"Atafika lini?"

"Ugali ukiiva."

Na wavu ukaja. Ulikuja sawasawa, kamba na kamba, kama mtu anavuta shuka. Tumbo la wavu lilikuwa jeupe kwa usipa, na mbasa wawili wakubwa wanapiga mikia. Wanawake waliingia na beseni wakiimba bado. Siku nne zile za kungoja na njaa walikuwa wamekaa ufukweni wakinitunga mimi, na siku ya kwanza ya wavu wakaweka majibu hayo mahali pa yale ambayo sikuyaleta.

Mimi niliona matusi tu. Niliona wimbo wa baba umefanywa wa kilabuni. Nikasimama katikati ya ufuko nikawasema wote. Nikasema baba yangu alikufa na heshima, na ninyi mmeuweka mdomoni mwake mzaha wa malori. Nikasema nimetembea siku tano na miguu inatoka damu. Sikusema kwamba siku kumi na mbili nilikuwa nimekaa. Nikamwambia kaka wavu huu uvutwe upya, kwa majibu ya kweli.

Wanaume wakanung'unika. Mmoja akasema, kwa adabu, kwamba wavu ukishasikia, umesikia, na bibi ni mtoto wa hapa, anajua. Nilijua. Nilimtazama kaka. Nikalia mbele yake, na si machozi yote yalikuwa ya kweli.

Kaka akapapasa bega langu. Kisha akasema, "Mara moja. Kwa sababu ni dada yangu na hatarudi tena."

Wakaupeleka wavu. Nikashika kamba ya pili mimi, Stefano akarudi nyuma yangu. Kaka akauliza, ziwa, umeficha nini. Nami nikajibu kama nilivyowajibu ninyi miaka yote shambani: "Chakula cha watoto wa baba, chakula cha watoto." Nikasikia kamba ya kwanza imeshavuta, sisi bado tunaimba. Akauliza, tunamngoja nani. "Mbasa mwenye tumbo la mayai, mbasa anakuja." Wao wamevuta tena. Nyuma yangu nusu ya watu waliacha kunifuata wakajibu majibu yao mafupi, nusu wakanifuata mimi, wakagongana mabega. Nikapandisha sauti. Kadiri nilivyopandisha, ndivyo wavu ulivyolala. Tukauona upande wa kushoto umeinuka, na usipa wakamwagika kutoka mdomoni mwake kama maziwa ya kibuyu kilichopasuka. Watoto walikuwa wamesimama na beseni. Walibaki wamezishika.

Kaka alikuja akipapasa kamba hadi akanifikia. Alinena pole pole, nisikie mimi peke yangu.

"Leya, baba alijibu kwa pumzi moja. Chakula. Mbasa. Pumzi moja, mvuto mmoja. Hayo mengine yanangoja jembe lipande na lishuke."

Na ni kweli, wenzangu. Jembe ni refu. Linapanda, linakaa juu, linashuka. Mwaka hata mwaka niliongeza neno hapa na neno pale ili tufike chini pamoja, na sikujua kwamba naongeza. Nusu yangu niliyoibeba safari ile yote haikuwa ya baba. Ilikuwa yetu sisi, ya shamba la huyu na shamba la yule. Yale ya Stefano, ya lori, ndiyo yalikuwa na mwendo wa baba.

Mnadhani nilikiri? Nilimwambia kaka kwamba uzee umemla masikio pamoja na macho. Nilisema hivyo. Mkono wangu unaandika na unaona haya.

Stefano alikuwa anakunja kamba. Nilipopita karibu yake aliacha, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, bibi." Hakuniita mke wangu tena, siku ile wala nyingine zote nilizokaa.

Asubuhi iliyofuata walivuta kwa kuhesabu. Kaka akisema moja, kamba ya pili inasema mbili. Siku ya tatu hivyo hivyo. Samaki walipatikana, si haba, lakini watu walivuta kama wanaobeba jeneza. Jioni nilimwendea kaka, tukala ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, akanichambulia miiba kwa vidole kama nilipokuwa mtoto. Nikamwuliza kwa nini wasirudishe majibu ya Stefano. Nilijikaza nikasema kwamba ni mazuri.

Akasema wavu uliosikia majibu mawili haujui lipi ni lake. Hauimbiwi tena. Watahesabu mpaka uoze, kisha watafuma mwingine.

Nikauliza wavu unakaa muda gani. Akasema ukitunzwa, miaka minne, mitano. Kisha akaongeza kwamba hatafuma yeye, na maswali hajampa mtu bado, alikuwa amepanga kumpa Stefano wakivuta. Nikasema si ampe tu, wakae chini amwambie. Akacheka kidogo. Akasema, "Utampa mtu wimbo wa kamba bila kamba?"

Nilimwomba msamaha pale. Alisema nimekusamehe, kula. Na najua alinisamehe kweli, kwa hiyo sina hata pa kulalamika.

Kupanda kurudi

Nilirudi kwa miguu yote, pamoja na Mama Agata na vikapu vyake vya usipa. Kimoja nilikibeba mimi. Malori mawili yalitupita baada ya Njombe na la pili lilisimama, dereva akaita. Nikampungia mkono aende.

Lakini ninalotaka mlijue ni la siku ya kwanza ya kupanda. Kuna mwamba juu ya Manda ambapo wachuuzi hutua mizigo. Tukakaa. Ufuko wote ulikuwa chini yetu, watu wadogo kama siafu wamejipanga kwenye kamba mbili. Hewa ya asubuhi inapandisha sauti. Nikamsikia kaka: moja. Nikawasikia wale wengine: mbili. Moja. Mbili.

Nikajaribu, kwa sauti ya chini kabisa. Kaka aliposema moja, nikatia jibu la Stefano mahali pa ile mbili. Bibi wa lori. Lilitosha, halikuzidi wala halikupungua, na mikono yao kule chini ilirudi nyuma pamoja nami. Nikatia tena. Bibi wa lori. Ningekuwa ndani ya wimbo wa baba miaka minne, mitano, navuta samaki kila asubuhi, na wajukuu wa watu wangenicheka bila kujua kwamba nilikaa Makambako nikingoja lori.

Mama Agata aliniuliza nasema nini. Nikamwambia ni pumzi tu, kilima kikali.